Mwano Kutoka Kaya ya Maige

Katika kaya ya Maige, kule Nkololo, mtu wa kwanza kuamka alikuwa jogoo, wa pili mama, na wa tatu Specioza. Specioza alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Kabla ya kwenda shule alifagia uwanja, akazoa majivu jikoni, kisha akaenda zizini kumshikia mama ndama wakati wa kukamua. Ng'ombe wao mweupe alikuwa na maringo. Bila kumwona ndama wake mbele ya macho, hakutoa maziwa hata tone.

Asubuhi hiyo ndama hakuwamo zizini. Ng'ombe mweupe alikuwa amesimama penye pengo la ua, analia kwa sauti ya chini isiyokatika. Pengo lile lilikuwapo tangu wakati wa kuvuna pamba. Kila Jumapili baada ya misa, baba yake Specioza alisema ataliziba kwa matawi ya miiba, na kila Jumapili alikumbuka kazi nyingine.

Baba alikuwa amechuchumaa nje ya ua. Mbele yake alilala ndama, tumbo limeraruliwa.

"Fisi," alisema, bila kugeuka.

Maige alikuwa mtu wa kelele. Akipoteza kofia, majirani wote walijua. Kwa hiyo Specioza alipoona baba yake amenyamaza, aliogopa. Alimwona akiinuka, akiingia kwenye ghala, na kutoka na chupa ya dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita. Aliishika kwa kitambaa.

"Baba, hiyo dawa ya nini? Pamba si tumeshavuna?"

"Wewe huna shule leo?"

"Ninayo, lakini..."

"Basi nenda. Na neno hili likitoka nje ya kaya hii, utanijua mimi ni nani."

Akamfunga ndama kamba, akawafungia ng'ombe wa jembe, wakamburuta kuelekea ngitili. Specioza alijua baba anakwenda kufanya nini. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe alishasimama mbele ya kijiji kizima kupinga jambo hilohilo.

Ngitili ni malisho ya akiba. Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili nyasi zikue, na huyafungua wakati wa kiangazi kikali, pale ng'ombe wanapokuwa mifupa mitupu. Ngitili ya kijiji chao ilikuwa kubwa, yenye migunga mirefu na kijito kisichokauka haraka. Tumbusi, wale ndege wakubwa wala mizoga, walijenga viota juu ya migunga hiyo. Digidigi walijificha kwenye nyasi. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo mpaka wazee waifungue.

Siku hizi, hata hivyo, baadhi ya watu walitaka ngitili ikatwe vipande iwe mashamba ya pamba. Wengine walitega nyaya za kunasia digidigi. Mwalimu Scola, mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, alikuwa amewapeleka wanafunzi wake kwenye mkutano wa kijiji uliopita wakasome ngonjera. Specioza ndiye aliyeongoza:

*Ngitili yetu akiba, babu alituwekea,*
*Ndege wake na wanyama, humo wamejizalia,*
*Sumu tukiitupia, sisi itaturudia.*

Watu walipiga makofi, lakini sauti moja ilitoka nyuma kwa kicheko: "Fisi akija kwako, utamsomea ngonjera?" Mkutano wote uliangua kicheko. Specioza hakuhitaji kugeuka kumtafuta msemaji. Ile ilikuwa sauti ya baba yake. Mkutano ukaisha bila kuamua lolote, ila wazee walikumbusha kwamba kuingia kwenye ngitili iliyofungwa na kutumia sumu humo ni kosa, na faini yake ni fahali.

Sasa, siku hii ya ndama kuuawa, Specioza hakusikia kitu shuleni. Mwalimu Scola alimuuliza swali la hesabu akajibu jina la mto. Darasa zima lilicheka isipokuwa Flora, rafiki yake, aliyekaa naye dawati moja.

"Una nini wewe?" Flora alimnong'oneza.

"Sina kitu."

"Uso wako unasema unacho."

Mwalimu Scola aliwakumbusha wana klabu kuwa mkutano mwingine wa kijiji unakaribia na watasimama tena. "Specioza, wewe utaongoza kama kawaida," alisema. Specioza aliinamisha kichwa. Angewezaje kusimama tena kusema habari za sumu, na chupa imetoka ghalani kwao? Alimwonea baba hasira, na papo hapo akamwonea huruma, maana ndama yule baba alimpenda sana.

Kengele ya kutoka ilipolia, Flora alifunga daftari zake haraka. "Leo sitakusubiri. Mama amekwenda kilioni Maswa, mimi ndiye mpishi. Dastan akiona njaa imemkaribia tu, analia kama amechapwa." Dastan alikuwa mdogo wake, bado hajaanza shule. Flora akaondoka mbio.

Specioza alirudi peke yake kwa njia inayopita kando ya ngitili. Alijiambia hatatazama. Akatazama.

Tumbusi walikuwa chini. Kwa kawaida tumbusi akiwa chini hugombana, hurukaruka, hupiga kelele. Hawa walikuwa wamelala kwenye nyasi, mabawa yamefunguka. Mmoja alijaribu kuinua shingo, ikaanguka. Bweha alikuwa amelala karibu nao, na mbwa mmoja mwekundu ambaye Specioza alimfahamu kwa sura. Hapakuwa na nzi wanaovuma. Hata nzi walikuwa wamekufa.

Alisahau kwamba ngitili imefungwa. Aliingia, akakaribia mzoga wa ndama huku ameziba pua kwa sketi yake. Ndipo alipoona jambo jingine.

Paja moja la nyuma halikuwapo. Halikuraruliwa na meno. Lilikatwa kwa kisu, safi, kwenye kiungo, kama wanavyokata wachinjaji. Kwenye mchanga wa kijito palikuwa na alama za katambuga, viatu vya matairi, zikienda na kurudi. Mtu alifika asubuhi, kabla ndege hawajashuka na kufa. Aliona ndama aliyeuawa na fisi, nyama bado nzuri, akaona bahati imemwangukia. Nani huku kwetu huacha nyama mbichi ioze?

Katambuga zilivaliwa na nusu ya wanaume wa Nkololo. Na jua lilikuwa limeanza kuinama. Moshi wa jikoni ulishaanza kupanda kutoka kaya moja moja, zilizotawanyika huku na huko katikati ya mashamba. Chini ya mmoja wa mioshi ile lilikuwa linachemka lile paja.

Specioza alikimbia mpaka nyumbani, begi la shule likimpiga mgongoni.

"Mayu! Mayu! Baba yuko wapi?"

"Amekwenda mnadani tangu mchana. Mwanangu, nani anakufukuza?"

Alimweleza mama yake yote, kwa pumzi fupi fupi: chupa, ndama, tumbusi, paja. Mama aliketi chini papo hapo kwenye vumbi. Alikuwa hajui habari ya chupa. Aliambiwa tu kwamba baba amekwenda kuzika ndama. Akatoa simu kwenye fundo la kanga, akampigia mumewe. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

"Tupite nyumba kwa nyumba," mama alisema.

"Kaya ngapi, Mayu? Mpaka tufike ya tatu watakuwa wamekula. Tupige mwano."

Mama alimtazama kama hamjui. Mwano ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu huacha alilo nalo, hushika rungu au upinde na kukimbilia unakotoka. Kaya inayousikia huupokea na kuupeleka kwa inayofuata. Hupigwa kwa wezi wa ng'ombe, moto au simba. Anayeupiga bila sababu hutozwa faini, na jina lake hukaa midomoni mwa watu. Anayeupiga kwa sababu lazima aieleze sababu hiyo mbele ya wote.

"Wakija watauliza nani ametia sumu," mama alisema polepole. "Utawajibu nini? Wanaweza kututenga, Specioza. Hakuna wa kutusalimia, hakuna wa kutugawia moto. Ngoja baba yako arudi aseme mwenyewe."

"Wakati huo mtu atakuwa amekufa!"

Specioza alisubiri neno la mama yake, kwa sababu alikuwa mtoto na mama alikuwa mama. Aliangalia moshi ule. Kisha akapanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, akajaza kifua hewa, akapiga mwano.

Sauti ya kwanza ilitoka nyembamba ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu sauti nyingine iliungana naye kutoka chini ya kichuguu, kali na ndefu. Mama alikuwa amesimama.

Kaya ya jirani ikaupokea. Ng'ambo ya bonde ukapokewa tena. Punde wanaume walianza kumiminika kutoka kila upande, wengine vifua wazi, wengine wanatafuna, na Specioza aliwatazama waliokuwa wanatafuna kwa hofu kuu. Mbele yao alikuja Mzee Ndalahwa, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Umri wake ulikuwa mkubwa, lakini mbio zake zilikuwa za kijana.

"Nani amepiga mwano? Wezi wamekwenda wapi?"

"Ni mimi, Guku," Specioza alisema. Ndivyo watoto wote walivyomwita, yaani babu.

"Wewe?"

"Guku, kwenye ngitili kuna mzoga wa ndama wenye sumu. Kuna mtu amekata paja akaenda nalo. Asile! Tumbusi wamekufa, na bweha, na mbwa."

Wanaume walitazamana. Mmoja aliteremsha rungu lake na kucheka kwa hasira. "Nimeacha ng'ombe wangu njiani kwa ajili ya tumbusi? Huyu si yule mtoto wa ngonjera? Ndege wakifa yeye anaona dunia imekwisha."

"Tumbusi hufa kila siku," alidakia mwingine. "Faini hiyo, Mzee. Mwano si mchezo wa klabu."

Mzee Ndalahwa aliinua mkono wakanyamaza. Akainama kidogo ili macho yake yawe sawa na ya Specioza. "Mjukuu wangu, ndege anaweza kufa kwa maradhi. Umejuaje kuwa ni sumu?"

"Namjua aliyeitia."

"Ni nani?"

Ng'ombe mweupe alisikika akilia zizini. Specioza alimtazama mama yake. Mama alikuwa analia, lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Ni baba yangu," Specioza alisema. "Alichukua dawa ya pamba leo asubuhi."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja pale alielewa kwamba mtoto hawezi kubuni jambo kama hilo juu ya baba yake mzazi na kulisema mbele ya sungusungu. Kisha rungu likaanguka chini, *ko!* Masele, baba yake Flora, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Miguuni alivaa katambuga.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa namtafuta mbuzi aliyepotea. Nikaona fisi ameacha nyama... Nimemwachia Flora apike. Jamani, watoto wangu! Watoto wangu wako peke yao na chungu kile!"

Akaanza kukimbia. Lakini kaya ya Masele ilikuwa ng'ambo kabisa ya ngitili. Mzee Ndalahwa aliona papo hapo kwamba miguu haitafika.

"Pigeni tena mwano!" alipaza sauti. "Upelekeni kwa Masele! Semeni nyama isiliwe!"

Mama yake Specioza alipiga wa kwanza. "Nyama ya Masele isiliweee!" Kaya ya jirani ikaupokea. "Nyama ya Masele isiliweee!" Ng'ambo ya bonde sauti ya mwanamke mwingine ikaubeba, kisha nyingine mbali zaidi, ndogo, kisha haikusikika tena. Specioza alikuwa anakimbia nyuma ya wanaume, anaomba kwa moyo wake wote Flora awe amechelewa kuwasha moto.

Flora hakuchelewa. Alikuwa msichana mwepesi. Alikuwa ameshaepua chungu, ameshapakua ugali, na vipande vya nyama vilikuwa kwenye sahani. Dastan alilia mpaka akapewa mchuzi kidogo kwenye kikombe, atulie. Ndipo Flora aliposikia mwanamke wa kaya ya jirani akipiga kelele kwamba nyama ya Masele isiliwe. Hakuelewa sababu. Hata hivyo, alimnyang'anya Dastan kikombe, akamwaga sahani zote chini na kuwafukuza kuku kwa mwiko.

Walipofika, Dastan alikuwa ameanza kutokwa na mate mengi na kulegea mikononi mwa dada yake. Kijana mmoja mwenye bodaboda aliwapakia Masele na mtoto, wakaondoka kuelekea zahanati huku vumbi likiwafuata. Flora alibaki amesimama na mwiko mkononi. Specioza alimwendea. Akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Specioza alikuwa amerudi nyumbani baba alipofika kutoka mnadani, jua linazama. Habari ilikuwa imempata njiani. Specioza alimwona akija anasukuma baiskeli badala ya kuipanda, akajificha nyuma ya mama yake. Baba aliegemeza baiskeli, akamtazama bintiye kwa muda, kisha akageuka na kwenda kwa miguu mpaka zahanati. Huko aliketi nje ya mlango karibu na Masele. Watu wanasema wanaume hao wawili hawakusalimiana wala kutazamana, mpaka muuguzi alipotoka na kusema mtoto ataishi, kwa sababu alikunywa kidogo na aliletwa mapema.

Asubuhi Maige alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Ofisa wa wanyamapori aliitwa kutoka Bariadi, akachukua maelezo yake na kumwambia bado ataitwa, maana kosa lile si la kijiji peke yake. Kisha Maige alikabidhiwa jembe, na chini ya usimamizi wa ofisa huyo akachimba shimo refu mbali na kijito, akafukia mizoga yote. Kazi hiyo ilimchukua kutwa nzima. Juu ya mgunga, kinda wa tumbusi alikuwa anachungulia kutoka kwenye kiota na kulia njaa. Aliyekuwa akimletea chakula alikuwa shimoni. Ofisa alimshusha kinda huyo aende naye. Fisi hakuwamo miongoni mwa waliokufa. Jioni alisikika akilia vilimani, mzima wa afya.

Siku ya mkutano kijiji kizima kilifika. Faini ya fahali ilishatajwa, na Masele naye aliadhibiwa kwa kuingia ngitili iliyofungwa. Maige akaomba kusema. Alivua kofia yake.

"Jamani, mnanijua kwa kelele, lakini leo nitasema taratibu. Mimi sikuua fisi. Nimeua ndege wanaotusafishia mizoga, nimeua mbwa wa jirani, na nusura nimuue mtoto wa Masele. Na fisi aliingiaje kwangu? Kwa pengo nililolitazama tangu tunavuna pamba. Nilikuwa mvivu wa kuziba ua, nikajifanya shujaa wa kulipiza kisasi. Nimeshaliziba sasa. Ilinichukua asubuhi moja tu."

Macho yake yalimtafuta Specioza, aliyekaa na wana klabu mbele.

"Nilimwambia binti yangu kwamba akisema atanijua mimi ni nani. Basi alisema, nami nikajijua. Watoto wangu, mnisikilize vizuri. Mzazi akikuambia unyamaze wakati maisha ya watu yako hatarini, usinyamaze. Kusema kweli wakati huo si kumdharau mzazi, ni kumwokoa. Leo ningekuwa muuaji."

Mzee Ndalahwa aliuliza wangapi wanataka ngitili ikatwe mashamba. Walioinua mikono walikuwa wachache, na wakaishusha upesi. Kisha akauliza wangapi watakubali ibaki kama ilivyo, bila nyaya wala sumu, na kila kaya isaidiwe kuimarisha zizi lake kabla ya kiangazi kuisha. Mikono ilikuwa mingi. Masele aliinua miwili, kwa sababu mmoja ulikuwa wa Dastan aliyelala mapajani mwake.

"Kuna jingine?" Mzee Ndalahwa aliuliza.

"Lipo," alisema Maige, ambaye alikuwa bado amesimama. "Naomba watoto warudie ile ngonjera. Siku ile nilikuwa nacheka, sikuisikia."

Mwalimu Scola aliwapa ishara. Specioza alisimama. Sauti yake ilitetemeka katika mstari wa kwanza, ikapata nguvu katika wa pili. Alipofika kwenye mstari wa sumu, hakuusema peke yake. Baba yake, kule nyuma, kofia mkononi, aliusema pamoja naye.